Vampaya wa Nairobi Hakuja na Jeneza, Alikuja na Gari

Wiki hii karibu nipoteze marafiki wanne juu ya dakika moja na nusu.

Hadithi ni hii. Tuko watano, tunasomea filamu, na mwalimu ametupa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya kutisha, dakika nane. Tukakubaliana iwe ya vampaya. Wawili wetu wanaishi Kibera, watatu tuko Kawangware, kwa hivyo huko ndiko tutashuti, maana pesa ya kukodisha mahali hatuna. Tuna simu mbili, taa ya kukopa na mguu wa kamera uliofungwa na raba. Kazi ikakwama hapo kwa mwanzo. Filamu ya kutisha ikikosa kukushika dakika ya kwanza, wewe umeshaenda TikTok.

Rafiki yangu aliyeandika skripti ya kwanza alianza na ukungu, kengele inalia, jeneza linafunguka, halafu Mzungu wa koti refu jeusi anatoka pole pole. Nikamuuliza, ukungu tutatoa wapi? Akasema tutachoma takataka. Jeneza? Kuna fundi anajuana na mjomba wake. Na Mzungu? Kimya.

Lakini mimi Mzungu hakunisumbua sana. Kilichoniuma ni kwamba hii Nairobi iko na vampaya wake, ana miaka kama mia moja, na kwa hao wote watano hakuna aliyekuwa amemsikia. Hata mimi nilimjua juzi tu.

Hebu tuanze na majina. Pwani na Tanganyika aliitwa mumiani. Ukifungua kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson ya 1939, utapata mumiani ni dawa nyeusi inayofanana na utomvu, halafu inaongeza kwamba kuna watu wanaamini ni damu iliyoganda. Huku Nairobi, na pia Kampala, jina lilikuwa lingine: wazimamoto. Ndiyo, wale wale wa gari jekundu. Watu walisema usiku wazimamoto hawaendi kuzima moto, wanaenda kukamata watu na kuwatoa damu.

Mwanahistoria Mmarekani Luise White alizungumza na wazee wa Nairobi katikati ya miaka ya 1970, wengi wao akina mama walioishi Pumwani na Pangani ya zamani. Aliwauliza juu ya kazi, nyumba na pesa za enzi ya mkoloni, na hadithi za wazimamoto zikawa zinatokea zenyewe. Mwaka 2000 akatoa kitabu kizima juu ya hizo hadithi za Afrika Mashariki na ya Kati. Hakuandika kuthibitisha kwamba damu ilinyonywa, na pia hakuandika kuwacheka waliosema. Alichouliza ni hiki: kwa nini watu wengi hivyo, wa lugha tofauti, walichagua kueleza maisha yao chini ya mkoloni kwa hadithi ya damu?

Angalia venye hadithi zenyewe zilikuwa. Gari linakuja bila taa. Madirisha yamezibwa. Anayekukamata ni Mwafrika mwenzako, ameajiriwa, amevaa sare, na bosi wake ni Mzungu ambaye humwoni. Kuna nyumba zinazosemekana zina shimo sakafuni. Mwanaume anaingia kutembelea mwanamke na hatoki. Hakuna meno marefu, hakuna popo, hakuna kitunguu saumu. Kuna gari, sare, mshahara na shimo. Hii ni hofu ya mtu ambaye ameona mji mpya ukimeza watu na hajui wanapelekwa wapi.

Sasa wekeni hiyo kando ya vampaya wa ng'ambo. Bram Stoker alichapisha Dracula mwaka 1897, wakati reli kutoka Mombasa ilikuwa bado inajengwa. Ilifika Nairobi 1899. Filamu ya Nosferatu ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 4 Machi 1922. Siku 12 baadaye, tarehe 16 Machi 1922, watu walikusanyika hapa Nairobi nje ya kituo cha polisi wakitaka Harry Thuku aachiliwe. Polisi walifyatua risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilisema waliokufa ni 21, na mmoja wao ni Muthoni Nyanjiru, mama aliyewaambia wanaume kama wanaogopa wampe suruali zao.

Berlin wanaogopa kivuli ukutani. Nairobi damu iko barabarani kweli.

Na Thuku alikuwa anapinga nini? Kodi, kupunguzwa mishahara, kazi ya kulazimishwa, na kipande. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, kuanzia 1919. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kutembea na karatasi yenye jina, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Ukitoroka kazi, wanakufuatilia nayo. Na hiyo karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kinaning'inia wapi? Shingoni.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Shingoni, wasee. Pale pale ambapo vampaya huuma.

Jumamosi tukaenda Kibera, upande wa Makina, kwa nyanya ya mmoja wetu. Wao ni Wanubi. Babu zao walikuwa wanajeshi Wasudani wa jeshi la mkoloni, wakapewa hapo kukaa mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati ilikuwa msitu kweli. Kibra kwa Kinubi ni msitu. Ardhi iliyotengwa ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Hati ya jamii walipewa 2017, ya ekari 288.

Tukamsalimia nyanya, akatuwekea chai, tukamuuliza kama aliwahi kusikia wazimamoto. Akacheka mpaka akashika kifua.

"Nyinyi watoto, hayo mmeyatoa wapi? Sisi tukichelewa nje tulikuwa tunaambiwa, rudini, mumiani anapita."

"Na nyanya uliamini?"

"Niliamini mama yangu. Yeye hakuwa anaogopa bure."

Halafu akanyamaza kidogo, akasema kitu ambacho kimenikaa: "Lakini msiwatie hao wa gari la moto kwa sinema. Hapa tukiungua tunamwita nani?"

Hapo ndipo nilijua mpango wangu uko na shida, kwa sababu kichwani nilikuwa nishaandika wazimamoto wa leo kama wanyonya damu, na nilijiona mjanja sana. Mimi mwenyewe nimeona moto Kawangware usiku. Nimesimama kwa laini ya ndoo na majirani, gari la zimamoto limefika barabara kubwa na haliwezi kuingia kwa sababu njia yetu haitoshi hata mkokoteni. Vijana walivuta mpira wa maji na wale wanaume kwa mikono. Sasa nichukue sura za hao niziweke meno?

Na huu uvumi unaua. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi ilisemekana kuna wanyonya damu, makundi yakaanza kuwasaka, na watu kadhaa wakauawa. Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kwa baadhi ya maeneo. Waliokufa hawakuwa vampaya. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba hadithi ni hadithi tu. Hadithi ya wazee ilikuwa inasema ukweli juu ya mfumo, lakini ikiangukia mtu mmoja kwa njia ya giza, huyo mtu amekwisha.

Kwa hivyo tumekaa chini tena, tumegombana tena, na hii ndiyo dakika moja na nusu yetu.

Skrini nyeusi. Sauti ya gari, injini tu, taa hakuna. Picha ya kwanza ni shingo ya mwanaume, karibu kabisa, jasho linashuka. Unangoja meno. Kamera inashuka pole pole, unaona kamba, halafu kikopo cha chuma. Mkono wenye sare unakishika, unakifungua, unasoma karatasi. Uso wa mwenye mkono hatuuonyeshi. Gari linazimwa. Mlango unafungwa.

Kata. Saa kumi na moja asubuhi, leo, Kawangware. Shingo nyingine, kamba nyingine, kadi ya kazi ya soja anayetembea kwenda kulinda lango la mtu Lavington. Watu wengi wanatembea naye, hakuna anayeongea. Nyuma yao, mbali kidogo, injini ile ile.

Hakuna mzimamoto. Hakuna Mzungu wa koti, na jamaa wa skripti ya kwanza bado ananuna juu ya jeneza lake. Kikopo tumetengeneza na mkebe wa majani chai, mia mbili hivi tumetumia.

Kitambulisho tunakiita kipande mpaka leo, na hatujiulizi neno limetoka wapi. Kwa Wanubi wa Makina si neno tu; wengi wao walipitishwa mbele ya kamati za kuwakagua kabla ya kukipata, kwa mji waliozaliwa. Kama wewe pia unaandika filamu ya kutisha, kabla ukodishe koti jeusi, nenda kwanza ukaketi na nyanya ya mtu. Ubebe sukari.