Shamba la Shule Kama Somo: Tanzania Baada ya 1967
Waraka wa Mwalimu Julius Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, hukumbukwa zaidi kwa jembe. Ukisomwa kwa makini, unadai jambo gumu kuliko kulima. Matumizi ya mbolea na mipaka yake yaelezwe katika somo la sayansi, kisha yaonekane shambani. Makingamaji na hifadhi ya udongo vifundishwe huku vikitendwa. Wanafunzi nao washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Hayo yaliandikwa miaka 20 kabla ya ripoti ya Tume ya Brundtland kuieneza istilahi ya maendeleo endelevu.

Utekelezaji ulikwenda kwingine. Katika shule nyingi yalihesabiwa magunia, si maarifa. Maamuzi yalibaki kwa walimu, na aliyechelewa namba akapewa jembe. Kazi iliyokusudiwa kuwa somo ikageuka adhabu, na nadhani hasara hiyo ilizidi ile ya mavuno haba. Anayependekeza bustani za shule leo aulizwe kwanza nani atachagua mbegu, na ni kipindi kipi cha sayansi kitakachofanyika bustanini.