Matuta ya Kilosa na Mikumi

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu vingi. Kuna tuta la viazi, tuta la reli, tuta linalouzuia mto usiingie mjini, na tuta la barabarani linalomlazimisha dereva wa basi apunguze mwendo. Kwetu Kilosa yote manne yapo. Hayo matatu ya mwisho yamenifundisha kaizen kuliko semina ya siku mbili niliyohudhuria kazini.

Semina ilikuwa na maneno yake mazuri. Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na JICA, ilianza kupeleka S tano za Kijapani hospitalini mwaka 2007: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Viwanda vikafuata. Kaizen yenyewe, ambayo Masaaki Imai aliitangaza duniani kwa kitabu chake cha 1986, ni kuboresha kidogo kidogo bila kuacha. Sisi tulitoka pale tukabandika lebo kwenye makabati. Sina ugomvi na lebo, ila nilirudi nyumbani nikiifikiria reli.

Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Baada ya Kilosa walifuata bonde la mto Mkondoa, kama misafara ya karne ya 19 ilivyofanya, kwa sababu bonde hilo ndilo mlango wa kupandia taratibu kati ya milima hadi nyanda za juu za Dodoma. Treni haipendi mwinuko mkali. Lakini ukipita mlango huo unakuwa mpangaji wa mto. Mkondoa hubeba mchanga, sakafu yake ikapanda, maji yakatafuta njia nyingine, na njia ya karibu mara nyingi ni tuta la reli.

Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, Gulwe: hivyo ndivyo vituo ambavyo watu wa reli huvitaja mvua zikianza. Maji yanakata, genge la mafundi linafika, mawe yanamwagwa, treni inapita. Ni kazi ya kishujaa, hasa usiku. Ila kukirudisha kitu pale kilipokuwa ni ukarabati tu.

Babu mzaa mama alikuwa kwenye genge mojawapo. Alikuwa na daftari la shule, alilolinunua kwa hela yake, ambamo aliandika tarehe ya kila mafuriko na maji yalifika wapi kwenye nguzo ya daraja. Alipaka alama za rangi. "Mto hausemi uongo," alikuwa akituambia, "unasahaulika tu." Alipostaafu alirudi nalo nyumbani, kwa kuwa lilikuwa mali yake. Mama alilitunza kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Kisha zikaja mvua za Desemba 2009 na Januari 2010. Mkondoa ulibomoa tuta la mji wa Kilosa, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa vibaya hata treni zikasimama kwa miezi. Waliokuwa watoto katika mahema yale leo wapo vyuoni na makazini, nao wanaambiwa wawe na fikra za uboreshaji endelevu.

Miaka michache baadaye serikali na JICA walikichunguza kipande hicho cha reli. Ninachokipenda katika uchunguzi ule ni kwamba swali lilibadilika. Badala ya kuuliza yanahitajika mawe mangapi, waliuliza mchanga unatoka wapi. Swali hilo linakutoa relini na kukupandisha vilimani, kwenye miteremko iliyobaki uchi, kilomita nyingi kutoka pale treni ilipokwama.

Kusini kidogo, Mikumi, tuta lina habari tofauti. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata kwa takriban kilomita 50. Lami ilileta mwendo, mwendo ukaleta mizoga. Watafiti waliihesabu. Carlos Drews alichapisha hesabu yake mwaka 1995: wanyama gani wamegongwa, nyani wakiwemo. Ni kazi isiyo na sifa, kutembea kando ya lami ukiandika maiti ya nyani. Siku hizi kuna matuta, vibao vya mwendo na faini kwa anayegonga mnyama. Wanyama bado wanakufa, kwa hiyo hesabu haijaisha, na kwangu hiyo ndiyo kaizen yenyewe kuliko makabati yetu yote.

Kuna hoja moja siwezi kuikwepa. Mwaka 2024 treni za SGR zilianza kwenda Dodoma, zikipita kwenye mahandaki manne yaliyochimbwa katika milima ya Kilosa. Mawe ya genge, hata yangeongezwa kwa miaka 100, yasingegeuka handaki. Wakati mwingine hatua ndogo ndogo ni namna ya heshima ya kuahirisha uamuzi mkubwa, na walimu wa kaizen hawapendi kulisema hilo.

Lakini reli ya zamani haikung'olewa, kwani mizigo na abiria wa Tabora na Kigoma bado wanaitegemea. Mvua za El Niño za 2023 na 2024 ziliiharibu tena, genge likashuka tena bondeni na mawe. Natumaini kuna mmoja wao mwenye daftari, na kuna bosi anayeliomba.