Wageni walioshika jembe pamoja na wenyeji

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanaojitolea. Hotuba zitasomwa nyingi, na katika nyingi kati ya hizo historia ya vijana wanaovuka bahari kwenda kufanya kazi za jamii itaanzia kwa Rais John F. Kennedy na amri aliyoitia saini Machi 1, 1961, kuanzisha Peace Corps. Anayestahili kutajwa kabla yake ni mchungaji mweusi wa Harlem, na Kennedy mwenyewe alikiri hivyo hadharani. Juni 22, 1962, alipowaaga Ikulu ya Marekani wanafunzi waliokuwa wakija Afrika na Operation Crossroads Africa, aliwaambia kwamba juhudi yao ndiyo iliyoizaa Peace Corps.

Mchungaji huyo ni James Herman Robinson, aliyezaliwa 1907 huko Knoxville, Tennessee, katika familia maskini. Alisoma Chuo Kikuu cha Lincoln, kisha Seminari ya Union mjini New York, na 1938 akaanza kuhudumu katika Church of the Master, Harlem. Baadaye aliwafungulia watoto wa Harlem kambi ya mashambani kule New Hampshire, ambako wanafunzi wa vyuo, weusi kwa weupe, walifanya kazi bega kwa bega. Robinson aliamini kuwa vijana waliolelewa katika ubaguzi wakishika kazi moja, ukuta kati yao huanza kubomoka.

Kazi ya namna hiyo haikuwa ngeni duniani. Mswisi Pierre Cérésole alikwisha kukusanya vijana 1920 kujenga upya kijiji cha Esnes, karibu na Verdun, kilichosagwa na vita. Lakini Robinson alitaka jambo zito zaidi. Mwaka 1958, kupitia Operation Crossroads Africa aliyoianzisha, aliwaleta Afrika Magharibi wanafunzi wapatao 60, wa rangi tofauti, wakae, wale na kujenga pamoja na vijana wa Kiafrika. Tukumbuke ulikuwa wakati gani: Septemba 1957, huko Little Rock, Arkansas, wanafunzi tisa weusi walihitaji kulindwa na wanajeshi ili waingie shule ya sekondari. Haujapita mwaka, wanafunzi weusi na weupe kutoka nchi hiyohiyo wanachanganya udongo pamoja Afrika, na mwenyeji wao wa umri uleule amesimama nao. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa na uzito kuliko jengo lolote waliloliacha.

Mwaka huohuo wa 1958 Alec Dickson alianzisha shirika la kujitolea la VSO nchini Uingereza, akianza na vijana waliotoka tu sekondari. Kisha ikaja Peace Corps, na pamoja nayo sakata la Ibadan.

Oktoba 1961 Nigeria ilikuwa imetoka kutimiza mwaka mmoja wa uhuru. Kundi la kwanza la Peace Corps nchini humo lilikuwa mafunzoni katika chuo kikuu cha Ibadan, likiishi na kula pamoja na wanafunzi wa Kinigeria. Msichana wa miaka 23, mhitimu wa Smith College, alimwandikia rafiki yake kadi ya posta. Jina lake lilisambazwa vya kutosha siku zile; sina haja ya kuliongeza hapa. Alieleza jinsi walivyoshtushwa na uchafu na hali duni, akataja watu wanaopika, kuuza na hata kujisaidia barabarani. Kadi ikaanguka, ikaokotwa na wanafunzi wenyeji. Muda si mrefu nakala zake zilikuwa zimezagaa chuoni. Mkutano ukaitishwa, wageni wakaitwa majasusi na mawakala wa ubeberu, na ikadaiwa waondolewe. Magazeti ya dunia nzima yakaidaka habari. Msichana aliomba radhi, akarudishwa kwao, na Kennedy akamwandikia barua ya kumtia moyo.

Marekani kisa hiki husimuliwa kama mkasa wa binti asiye na hatia. Sikubaliani na usimulizi huo, ingawa namhurumia. Wanafunzi wa Ibadan walikuwa na haki ya kukasirika: wanajua umaskini wao kuliko mgeni yeyote, na sasa wanasoma walivyoelezwa na mtu waliyekula naye bwalo moja. Kilichofuata ndicho kinachosahaulika. Wageni walipotengwa, baadhi yao walisusa chakula, na baada ya siku kadhaa pande zote mbili zikaketi kuzungumza. Kuketi pamoja ndiko Robinson alikokuwa amekufanya kuwa sharti la kwanza la safari. Peace Corps ilikufikia kwa njia ya ugomvi.

Kwetu, kundi la kwanza la Peace Corps lilitua Dar es Salaam Septemba 30, 1961, wiki kumi hivi kabla ya Uhuru: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliokuja kusaidia barabara. Swali la iwapo msomi ashike jembe lilitugusa nasi: 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Peace Corps nayo iliondoka 1969, ikarejea 1979.

Siku hizi safari za kujitolea zimekuwa biashara. Kila Julai vijana wa kigeni hushuka Arusha na Moshi baada ya kulipia wiki mbili au tatu, wengine wakielekea vituo vya watoto yatima, jambo ambalo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilionya kuhusu madhara yake Desemba 2019. Nia yao mara nyingi ni njema. Kinachoniuma ni kwamba kijana wa hapa hubaki mtazamaji wa kazi inayofanyika kijijini kwake, au mpiga picha. Halmashauri na shule zinazopokea makundi haya zinaweza kuweka sharti lililo wazi: kila mwanafunzi mgeni aje kufanya kazi na mwanafunzi mmoja wa hapa, wakilala kambi moja na kula chungu kimoja, na jengo lichaguliwe na kijiji kabla tiketi ya ndege haijakatwa.