Kazi Tuliyoikuta kwa Mama Zetu

Kikundi chetu kimefikisha miaka kumi. Wanachama wetu wengine ni wa Mbulu, wengine wa Hanang. Watu wanadhani tulianza na sanduku na hisa. Hapana. Kazi ya kutunza afya tuliikuta kwa mama zetu.

Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955. Hata hivyo kwa wengi ilikuwa mbali, mgonjwa anabebwa kwa machela na mama mjamzito anategemea wakunga wa jadi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wakati huo huku kwetu ni Mkoa wa Arusha bado, na wakubwa wetu walikuwa wachanga mgongoni. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujifunza habari za vyoo na maji safi. Kuchota na kuchemsha hayo maji ilikuwa kazi ya mama.

Sisi tulipoanza tuliweka mfuko wa jamii, ila ndani ya sanduku lile lile la kufuli tatu. Mwaka wa pili mwenzetu alishikwa uchungu usiku, damu inatoka. Mwenye pikipiki anataka nauli kwanza. Mshika ufunguo mmoja yuko msibani Dongobesh. Hela yetu tunaiona, hatuwezi kuigusa! Tulichangishana mlango kwa mlango, tukachelewa. Mama alipona, mtoto hakupona. Hilo hatulifichi.

Kikao kilichofuata tulibishana sana. Wengine walisema hela ikitoka kwenye sanduku italiwa. Mwisho tukakubaliana nauli ya mgonjwa ikae kwa mwenzetu aliye karibu na barabara, iandikwe daftarini, ikaguliwe kila wiki. Haina riba, wala hairudishwi. Mpaka leo haijapotea hata shilingi.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka Mlima Hanang na kuua watu Katesh, hatukungoja kikao. Tulipeleka unga, khanga, sabuni na sufuria.

Kina mama mnaoanzisha vikundi, msiulize riba tu. Ulizeni usiku wa manane funguo ziko kwa nani. Na bibi zetu wakunga, walio hai na waliotangulia, tunawaambia ahsanteni sana.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote.