Presha ya Rais Roosevelt

Mchana wa tarehe 12 Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa ameketi nyumbani kwake Warm Springs, Georgia, akichorwa picha. Ghafla akasema kisogo kinamuuma vibaya, akazirai palepale kitini. Daktari Howard Bruenn alipompima presha alikuta 300 kwa 190. Mshipa ulikuwa umepasuka ubongoni. Alasiri hiyohiyo Rais akafariki, umri wake miaka 63.

Daktari wake mkuu, Ross McIntire, aliwaambia waandishi wa habari kwamba jambo hilo halikutarajiwa. McIntire, tukumbuke, alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo. Halikutarajiwa vipi? Mwaka 1941 presha ilikuwa 188 kwa 105. Machi 1944 Bruenn, kijana bingwa wa moyo, alikuta 186 kwa 108 na moyo umetanuka, unaelemewa. Wananchi waliambiwa Rais wao ni mzima kwa umri wake, wakampigia kura mara ya nne. Maelezo kamili ya Bruenn yalichapishwa mwaka 1970. Humo anasema Roosevelt mwenyewe hakuwahi kuuliza kwa nini anapimwa mara kwa mara!

Lakini Bruenn tusimlaumu. Alikuwa na nini mkononi? Dawa ya kuupa moyo nguvu, vidonge vya kutuliza, amri ya kupunguza chumvi na sigara, na mapumziko. Kidonge cha kushusha presha ambacho mtu angekimeza kila siku bila kuteseka hakikuwapo. Waganga wakubwa wa enzi hizo walifundisha kwamba huenda presha hiyo inahitajika, ili damu ipenye kwenye mishipa iliyokakamaa. Ukiishusha utamdhuru mgonjwa. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Dakta Walter Kempner aliwalisha wagonjwa wali na matunda bila chumvi, na presha za wengi zikashuka. Ila hata sisi wapenzi wa wali, nani angeuweza wali mtupu miezi na miezi?

Mwaka 1958 kikaingia sokoni kidonge cha klorothiazidi, kinachotoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Mwaka 1967 Dakta Edward Freis na wenzake wakatoa matokeo ya wanaume 143, askari wa zamani, wenye presha kali. Baadhi walipewa dawa, wengine vidonge bandia. Waliopata madhara makubwa, kama kiharusi na moyo kushindwa kazi, upande wa vidonge bandia walikuwa 27. Upande wa dawa, 2.

Ndugu wa kidonge kile, haidroklorothiazidi, leo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu katika maduka yetu. Hakiponyi presha, huishikilia chini maadamu kinamezwa. Jirani yangu mmoja anayo pakiti nzima kabatini. Aliacha mwezi wa pili, anasema, kwa sababu kichwa kilikuwa kimetulia.