Mutoto anasaidia ao anatumikishwa? Mambo ya kujua juu ya kazi ya watoto

Asubui mapema, kwenye njia inayotoka Katuba kwenda soko ya Kenya, mutakutana na watoto wa aina mbili. Wamoja wamevaa nguo nyeupe na bulu, wanaenda ku masomo. Wengine, wa umri ule ule, wanabeba basani ya mikate ku kichwa, wanauzisha mayi ya sashe, ao wanasukuma pusupusu yenye mifuko ya bunga na makala. Mara nyingi ni watoto wa kartye moja, na hata wa numba moja. Ni nini inatenganisha hawa na wale? Na sheria ya inchi yetu inasema nini?

Kazi gani inahesabiwa kuwa mubaya?

Wazazi wengi, ukiwauliza, wanajibu: mutoto anasaidia tu. Na kweli, kufagia lupango, kuteka mayi, kuosha sahani ao kumuchunga mudogo wake, ile haikatazwe. Ni malezi. Mutoto asiyejua kazi ya numba atateseka akiwa mukubwa.

Mambo yanabadilika wakati kazi inamutosha ku masomo, inapita nguvu ya mwili wake, inamuweka mu hatari, ao inamuchokesha mpaka anasinzia mu kalasi. Musichana wa miaka 10 anayetumwa kwa ndugu wa mu muji "kusaidia", lakini analala wa mwisho na kuamuka wa kwanza, na hasomi, huyo anatumikishwa, hata kama anaita mwenye numba "tantine".

Katika Lubumbashi na pembeni yake, kazi za namna hii tunaziona: kuuzisha vitu mu njia mpaka usiku, kubeba mizigo ku soko, kuponda majiwe, kufanya matafari, kazi ya numba kwa watu wengine. Halafu kuko machimbo.

Machimbo: kule jina la Katanga lilisikilika

Katika mwaka 2014, UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40 000 walikuwa wanafanya kazi mu machimbo ya kusini ya Kongo, ndiyo kusema Katanga ya zamani, mbele haijagawanyika mu 2015. Mu mwezi wa kwanza 2016, Amnesty International pamoja na shirika la kwetu Afrewatch walitoa ripoti juu ya kobalti. Watoto walieleza kama wanatumika mpaka saa 12 kwa siku, wanabeba mifuko mizito, na wanapata kati ya dola 1 na 2. Wengi hawaingie mu shimo: wanaokota majiwe mu takataka za machimbo, wanayachekecha na kuyaosha mu mito. Vumbi ya kobalti, mutu akiivuta muda murefu, inaweza kuharibu mapafu.

Kobalti ile inaingia mu batri za telefone na za motokari za umeme kote duniani. Ndiyo maana habari hii ilifika mpaka mu tribinali ya Marekani mu mwezi wa 12 wa 2019, wakati jamaa za watoto waliokufa ao kuumia mu machimbo zilishitaki sosiete kubwa za teknolojia. Mu 2024, tribinali ya rufaa kule ilikataa mashitaka yao.

Sheria inasema nini?

Sheria hazikosekane. Kongo ilisaini mapatano mawili makubwa ya Shirika la Kazi Duniani, namba 138 na 182, na kuyathibitisha mu mwezi wa 6 wa 2001. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009, juu ya ulinzi wa mutoto, inasema mutoto ni kila mutu asiyetimiza miaka 18, na kwamba hawezi kuwekwa ku kazi mbele ya miaka 16. Inakataza kabisa kazi mbaya zaidi, na inamutolea azabu ya gereza mwenye kumulazimisha mutoto kuzifanya. Mu 2016, sheria ya kazi ilibadilishwa: umri wa kusaini kontra ni miaka 18. Mwenye miaka 16 ao 17 anahitaji ruhusa ya prezida wa tribinali ya watoto. Na sheria ya madini inatoa karti ya muchimbaji mudogo kwa mutu mukubwa peke yake.

Sasa sababu gani inaendelea?

Ya kwanza ni umasikini. Zamani, papa akiwa Gécamines, watoto walisoma mu masomo ya kampuni, na bunga ilifika mu numba. Sosiete ikaanguka. Mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kwa ile operesheni iliyoitwa kutoka kwa mapenzi. Numba nyingi za Katuba zinakumbuka vizuri. Kutoka pale, kila mutu mu numba alianza kujitafutia, mama ku soko na mutoto nyuma yake.

Ya pili ni masomo yenyewe. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi mu masomo ya serikali ni ya lazima na ya bure, na kutoka mwezi wa 9 wa 2019 serikali ilianza kuitimiza. Ile ni hatua kubwa. Lakini kaye, viatu na nguo bado ni kwa muzazi, na ku sekondari minervali inarudi. Hapa ndipo shimo iko: mutoto anamaliza primeri karibu na miaka 12, sheria haimuruhusu kazi mbele ya 16. Kama wazazi hawana feza ya sekondari, ile miaka ine anaipitisha wapi? Jibu tunaliona ku soko kila siku.

Ufanye nini ukiona mutoto anatumikishwa?

Ongea kwanza na wazazi kwa heshima. Mara nyingine jirani anaweza kusaidia kuliko polisi. Kama kuna hatari, fika kwa shefu wa kartye, ku biro ya komini, kwa divizio ya mambo ya jamii, ao ku tribinali ya watoto. Kwa watoto wanaolala mu njia, Wasalesiani wa Don Bosco wako na numba za Bakanja hapa Lubumbashi.

Na wewe mununuzi: saa ine ya usiku, mutoto akikuletea mayi ya sashe, usimutukane, usimufukuze. Muulize anasoma wapi. Kama hasomi, muulize numba yao iko wapi, na kesho ufike kule.