Kugandisha mayai ya uzazi: hatua na masharti yake

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Hupungua na kudhoofika umri unavyosonga, hasa baada ya miaka 35. Ndiyo maana baadhi ya dada zetu ambao ndoa imechelewa huuliza kuhusu kuyahifadhi.

Kwanza hupimwa damu na kupigwa picha ya ultrasaundi. Kisha hudungwa homoni kila siku, kwa takriban siku 10 hadi 12, ili mayai mengi yakomae pamoja. Saa 36 hivi baada ya sindano ya mwisho, daktari huyatoa kwa sindano kupitia njia ya uzazi, mwanamke akiwa amepewa dawa ya usingizi. Yaliyokomaa hugandishwa haraka na kuhifadhiwa katika nyuzi 196 chini ya sifuri.

Si dhamana ya mtoto: mengine huharibika yakiyeyushwa, mengine hayashiki mimba.

Kwa Waislamu, Dar al-Ifta ya Misri iliruhusu mwaka 2019 kwa masharti: yarutubishwe kwa mbegu za mume pekee, ndoa ikiwa ingalipo, na yalindwe yasichanganyike na ya wengine. Basi dada, muulize daktari na sheikh mapema, kabla ya kulipa.